Kuupima Moto Uliozimika Zamani



Mtu apandaye kutoka Morogoro kwenda juu katika milima ya Uluguru, au atokaye Mombo kwenda Lushoto katika Usambara, huona kando ya njia majabali ya kijivu na meusi. Akiinama na kuyatazama kwa makini, huenda akaona katika baadhi yake vipunje vyekundu kama mbegu za komamanga. Vipunje hivyo ni madini yaitwayo ganeti, na jina lenyewe lina asili yake katika neno la Kilatini la komamanga. Wataalamu wa miamba wanasema ya kwamba mengi katika majabali hayo yalipikwa kwa joto la kadiri ya digrii 800 za Sentigredi, katika kina cha kadiri ya kilometa 35 chini ya uso wa nchi, yapata miaka milioni 640 iliyopita.

Mtu mwenye akili akizisikia hesabu hizo hana budi kuuliza: Ni nani aliyekuwako? Siku zile hapakuwa na mtu, wala mnyama wa nchi kavu, wala mti. Hapana mkono uliotia kipima-joto ndani ya moto ule, na moto wenyewe umekwisha zimika. Je, hesabu hizi ni maarifa, au ni kukisia tu kulikovikwa nguo za elimu? Swali hili ni la haki. Anayepokea hesabu bila kuuliza ilivyopatikana hakupata elimu, amepata uvumi. Basi jioni ya leo natafuta kueleza jinsi moto uliozimika unavyopimwa, na pia mahali ambapo kipimo chenyewe chaweza kumdanganya mpimaji.

Tuanze na kazi ijulikanayo sana pwani, yaani kuchoma chokaa. Wachomaji hupanga magogo, juu yake huweka mawe ya matumbawe, kisha hutia moto. Moto ukiwa mkali wa kutosha, mawe hutoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake, ile hewa ya kabonidioksidi ambayo nasi huitoa tupumuapo. Kinachobaki ni chokaa nyeupe, ambayo ikimwagiwa maji huchemka yenyewe. Katika mwaka 1805 bwana mmoja wa Scotland, Sir James Hall, aliwasomea wataalamu wenzake mjini Edinburgh habari za majaribio yake. Alikuwa ametwaa mawe ya namna ya chokaa yaliyosagwa, akayashindilia ndani ya mtutu wa bunduki, akauziba mtutu kwa nguvu, na kuutia katika tanuri. Moto ulikuwa mkali wa kutosha kuyafanya mawe hayo kuwa chokaa, walakini hewa haikupata njia ya kutoka. Alipoufungua mtutu hakukuta chokaa. Alikuta jiwe gumu lenye chembe zing'aazo, mfano wa marumaru.

Hapa pana kanuni ya kwanza. Moto peke yake haukati shauri la jiwe litakuwa nini. Jiwe lile lile, katika moto ule ule, huwa chokaa likiwa wazi, na huwa marumaru likiwa limebanwa. Kwa sababu hiyo atakaye kujua habari za jiwe lililopikwa ndani ya nchi yampasa kutafuta mambo mawili pamoja, joto na mkandamizo. Hata wapishi wanajua jambo la jamaa na hili. Juu ya Kilimanjaro, ambako hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Kileleni huchemka karibu na digrii 80, na maharage yakikaa juu ya moto mchana kutwa hayawi laini.

Mkandamizo wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa pwani ni kadiri ya kipimo kimoja kiitwacho bari. Bari elfu moja huitwa kilobari. Ndani ya nchi si hewa inayokandamiza, bali ni uzito wa miamba iliyo juu, na kila kilometa tatu na nusu hivi za miamba huongeza kilobari moja. Wataalamu walioyapima majabali ya mashariki ya Tanzania, katika Pare, Usambara na Uluguru, walipata mkandamizo wa kilobari 9 na nusu hadi 11. Tuseme 10 ili hesabu iwe nyepesi. Huo ni uzito wa tani kumi juu ya mahali palipo na upana wa ukucha wa kidole, kana kwamba ndovu wawili wakubwa wamesimama juu ya ukucha huo mmoja. Tukipenda kuufikiri kwa urefu, tuchukue milima sita kama Kilimanjaro tuipange mmoja juu ya mwenziwe, tangu usawa wa bahari hata kilele. Chini ya rundo hilo ndipo majabali yetu yalipokuwa.

Sasa, jiwe latunzaje habari za mambo hayo? Hulitunza kwa madini yake. Jabali si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa chembe za madini mbalimbali, kama pilau ilivyo mchele, nyama na viungo. Kila namna ya madini ina mipaka ya joto na mkandamizo inayoweza kukaa ndani yake kwa amani. Mipaka hiyo ikivukwa, chembe huvunjika na kujipanga upya, zikawa madini mengine, na kazi hiyo yaweza kufanyika jiwe likiwa bado ni gumu, bila kuyeyuka.

Mfano ulio mwepesi kuliko yote ni wa ndugu watatu: andalusiti, kianiti na silimaniti. Wote watatu wameumbwa kwa vitu vile vile na kwa kadiri ile ile: alumini, silikoni na oksijeni. Mkemia akiwasaga na kuwapima hawezi kuwatofautisha. Tofauti yao ni jinsi atomi zao zilivyopangwa. Andalusiti hukaa mahali pa mkandamizo mdogo. Kianiti, ambayo mara nyingi ni ya rangi ya samawati, hupenda mkandamizo mkubwa. Silimaniti hupenda joto kali. Majaribio yameonyesha ya kuwa mipaka ya ndugu hawa watatu hukutana karibu na digrii 500 na kilobari 4. Basi mtu akiokota jiwe lenye silimaniti, bila ya kutumia mtambo wo wote amekwisha kujua ya kuwa jiwe hilo lilipita penye joto lililozidi digrii 500.

Watu walianza kuzisoma alama hizi kwa miguu yao kabla ya kuwa na mitambo. Katika mwaka 1893 George Barrow, aliyekuwa akichora ramani ya miamba katika nyanda za juu za Scotland, alieleza jinsi msafiri aendeleaye upande mmoja anavyoona madini yakipokezana: mahali fulani ganeti huanza kuonekana, mbele yake kianiti, na mbele zaidi silimaniti. Alitambua ya kwamba alikuwa akitembea kutoka penye joto dogo kwenda penye joto kubwa la zamani. Baadaye, katika mwaka 1915, Pentti Eskola wa Finland alieleza kanuni iliyo msingi wa kazi hii hata leo: miamba yenye vitu vya namna moja, ikipikwa kwa joto moja na mkandamizo mmoja, hutoa madini ya namna moja, iwe katika nchi yo yote. Miamba iliyogeuka katika joto kali kama hii yetu huitwa granuliti.

Lakini alama za namna hii zatupa mipaka mipana tu. Kusema "zaidi ya 500" si sawa na kusema "800". Ili kupata hesabu yenyewe, wataalamu hutazama jinsi madini mawili yaliyo jirani yanavyogawana vitu.

Chukueni ganeti, na jirani yake ulanga mweusi, ule unaobanduka vipande vyembamba kama karatasi. Yote mawili yana nafasi ndani yake ziwezazo kukaliwa na chuma au na magnesiamu. Atomi za vitu viwili hivi hukaribiana kwa ukubwa, kwa hiyo zaweza kubadilishana nafasi. Joto likiwa dogo, ganeti hung'ang'ania chuma na kumwachia ulanga magnesiamu. Joto likizidi, ganeti huipokea magnesiamu zaidi na zaidi. Basi mgawanyo huo ni kipima-joto. Lakini kipima-joto kisichoandikwa namba hakina faida, na namba hizo ziliandikwa katika maabara. Katika mwaka 1978 John Ferry na Frank Spear walitangaza matokeo ya majaribio yao ya kupika ganeti na ulanga pamoja katika joto walilolijua, toka digrii 550 hata 800, wakapima kila kimoja kilichukua kiasi gani. Katika granuliti, ambamo ulanga mara nyingi umekwisha angamizwa na joto, jirani anayetumiwa ni madini ya kijani au meusi yaitwayo piroksini, na kanuni ni ile ile.

Kwa upande wa mkandamizo, fikirini kiwanda cha mkonge katika mkoa wa Tanga. Nyuzi za mkonge zilizotawanyika hujaza chumba, lakini zikitiwa katika mtambo wa kushindilia huwa robota dogo zito. Vivyo hivyo nchi inapolibana jiwe, vitu vilivyomo hutafuta kukaa katika madini yachukuayo nafasi ndogo. Madini meupe yaitwayo feldispa huwa na uzito wa maji mara mbili na nusu na kitu. Ganeti huwa na uzito wa karibu mara nne. Basi mkandamizo ukizidi, kalisi iliyomo ndani ya feldispa huhama na kuingia katika ganeti. Mpimaji akijua ni kalisi kiasi gani imehama, na madini mengine yanayohusika yakiwa yapo pale pale, yeye hupata kipimo cha mkandamizo, na kwa hicho hupata kina.

Hata hivyo kila kipimo kikiwa peke yake hakitoshi, kwa sababu vyote viwili husukumwa kidogo na joto na mkandamizo pia. Kipimo kimoja hakitupi nukta, chatupa mstari. Ni kama kuambiwa ya kwamba nyumba ya fulani iko katika barabara ya sokoni. Barabara ni ndefu, nawe utabisha milango mingi. Lakini ukiambiwa tena ya kwamba nyumba hiyo hiyo iko katika barabara ya msikitini, utakwenda moja kwa moja hata njia panda. Wataalamu huchora mstari wa kipima-joto na mstari wa mkandamizo katika karatasi moja, na mahali mistari inapokatana ndipo jiwe lilipokuwa. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Kazi yenyewe hufanywaje? Jiwe hukatwa kipande, kisha husuguliwa juu ya kioo hata unene wake ubaki sehemu tatu za mia ya milimeta. Kipande kikiwa chembamba hivyo, nuru hupenya, na kwa hadubini huonekana ni madini gani yanagusana na madini gani. Kisha huwekwa katika mtambo ambao asili yake ni kazi ya Mfaransa Raimond Castaing, aliyeandika habari zake katika mwaka 1951. Mtambo huo hurusha mwali mwembamba wa elektroni juu ya nukta ndogo sana, kadiri ya elfu moja au mbili za milimeta moja, na nukta hiyo hujibu kwa miali inayoonyesha ina chuma kiasi gani, magnesiamu kiasi gani, kalisi kiasi gani. Hivyo punje moja ya ganeti yaweza kupimwa mahali mia, kutoka ukingo mmoja hata wa pili.

Sasa nafika katika jambo lililo zito kuliko yote niliyoyasema, nalo ni hatari ya kudanganywa.

Mgawanyo wa chuma na magnesiamu ni kama biashara ya sokoni. Jua likiwa juu, watu ni wengi, mali hupita mkono kwa mkono. Jioni watu hupungua, hata soko likafungwa, na bidhaa hubaki pale zilipo. Mtu ajaye usiku akihesabu bidhaa katika vibanda, hapati habari za soko lilivyokuwa saa sita mchana. Anapata habari za saa ya kufunga. Jiwe nalo ni hivyo. Joto likiwa kali, atomi hutembea ndani ya chembe ngumu. Joto likipungua, mwendo wao huzidi kuwa mzito, mpaka wanasimama. Kipima-joto husoma saa ile waliposimama.

Kwa mawe yaliyopikwa kwa moto wa kadiri, hasara si kubwa. Lakini granuliti zilikuwa na joto sana, tena zilipoa polepole kwa muda wa mamilioni ya miaka, kwa hiyo biashara iliendelea muda mrefu baada ya moto kupita kilele chake. Mpimaji akigusa ukingo wa ganeti, pale ilipogusana na jirani, mathalani atapata digrii 600, aandike 600, na kusema jiwe halikupata joto zaidi. Hesabu zake zitakuwa safi, mtambo wake utakuwa mzima, na jibu lake litakuwa si kweli. Tena, kwa kuwa mistari miwili hukatana, kosa la joto huvuta pamoja nalo kosa la mkandamizo. Huyo atapunguza joto kwa digrii mia mbili, na pia ataliweka jiwe katika kina kisicho chake. Kwa njia hiyo, katika sehemu mbalimbali za dunia, joto la granuliti nyingi lilikadiriwa chini kuliko lilivyokuwa.

Dawa ya hatari hii si moja. Kwanza, hupimwa katikati ya chembe kubwa, mbali na ukingo, kwa kuwa katikati hufikiwa na biashara ya mwisho kwa shida. Pili, hutafutwa vitu vilivyo vizito kutembea. Alumini iliyoingia ndani ya piroksini haihami upesi kama chuma, na zirkoniamu iliyofungwa ndani ya madini yaitwayo rutili nayo hushikilia kumbukumbu ya joto kali. Tatu, wataalamu hukokotoa kwa kompyuta: jiwe lenye vitu hivi na kwa kadiri hii, lingetoa madini gani katika kila joto na kila mkandamizo? Kisha hulinganisha ramani hiyo ya hesabu na madini yaliyomo kweli katika jiwe. Njia hii haitegemei soko lilifungwa lini, inategemea ni vibanda gani vilivyojengwa. Mashahidi watatu wasiofanya shauri pamoja wakisema neno moja, tunayo haki ya kuamini. Wakihitilafiana, inatupasa kuuliza ni nani aliyesahau.

Ndiyo maana hesabu nzuri huandikwa pamoja na kadiri ya shaka yake. Katika mwaka 1998 wataalamu Peter Appel, Andreas Möller na Volker Schenk walipotangaza vipimo vya granuliti za mashariki ya Tanzania, hawakuandika 800 tupu, waliandika digrii 810, kuongeza au kupunguza 40. Ile 40 si aibu. Ni alama ya mtu mwaminifu, kama mpimaji wa nguo anayesema, "Ni yadi sita, yaweza kupungua shubiri moja." Miaka nayo, ile milioni 640, haitoki katika ganeti. Yatokana na saa nyingine kabisa, urani iliyomo ndani ya chembe ndogo za madini mengine, ambayo hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika.

Na tukiisha kuzipata hesabu, zatufaa nini? Zatuonyesha mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona. Katika bara lililotulia, mahali penye kina cha kilometa 35 joto lake kwa kawaida ni kadiri ya digrii 400 hadi 600. Basi digrii 810 zinatuambia ya kuwa palikuwa na moto wa ziada, na hatuna budi kuutafuta ulikotoka. Aidha, ukingo ule ule uliotaka kutudanganya una habari zake njema tukiusoma kwa uangalifu. Katika majabali haya ganeti mpya imeota kama pete kati ya piroksini na feldispa. Pete ya namna hiyo huota jiwe linapopoa likiwa bado limebanwa kule chini. Kama jiwe lingeinuliwa upesi likiwa na joto, ganeti ingevunjika badala ya kuota. Kwa hiyo wale wataalamu watatu walishika ya kuwa majabali haya hayakupanda haraka baada ya mabara kugongana, bali yalikaa kilindini yakapoa polepole, na moto wake huenda ulitoka kwa mawe yaliyoyeyuka yaliyopanda toka chini. Wengine wanazisoma habari za ukanda huu kwa njia nyingine, na mashindano hayo hayakatwi kwa sauti kubwa, yanakatwa kwa vipimo.

Ninyi walimu wenzangu, mkiwapeleka wanafunzi wenu mlimani, waokoteeni jiwe lenye vipunje vyekundu, wape kioo cha kukuzia, kisha waulizeni maswali mawili. Jirani wa kipunje hiki ni nani? Na ukingo wake wafanana na katikati yake? Hawatapata digrii kwa macho yao. Lakini wataanza kuelewa ya kuwa jiwe lina ushahidi, na ya kuwa ushahidi hupimwa kabla ya kuaminiwa. Siku watakapoambiwa hesabu yo yote, ya mawe au ya mambo mengine, wataitafuta ile alama ya kuongeza na kupunguza iliyo nyuma yake. Wasipoiona, watauliza.